Maili, Galoni na Lita: Somo la Kupima Ulaji wa Mafuta ya Gari

1. Utangulizi

Msafiri atokaye Dodoma kwenda Singida hupita Bahi, Manyoni na Ikungi, mwendo wa kilometa 240 hivi juu ya uwanda wa kati wa nchi yetu. Akikosea hesabu ya mafuta yake, kosa hilo halitabaki kwenye karatasi, litamkuta barabarani. Hata hivyo, hesabu hii ambayo kila mwenye gari huifanya haifundishwi sana darasani, na wengi huikosea kwa sababu moja: namba zinazotumika zimetoka katika mifumo miwili ya vipimo, nao hawajui ni wapi mfumo mmoja unakoma na mwingine unaanza.

Katika makala haya tutachunguza vipimo vya ulaji wa mafuta vinavyokutana katika magari yetu, jinsi ya kuvibadili kutoka kimoja hadi kingine, na mitego miwili ambayo hata mtu aliyesoma sana huweza kuingia. Mwandishi anaijua mitego hiyo kwa kuwa mmoja ulimnasa yeye mwenyewe.

2. Kisa cha lita 13

Miaka michache iliyopita tulikuwa na gari kuukuu la kazi za uwandani, lililotengenezwa Uingereza. Kipimo chake cha umbali kilihesabu maili, na kitabu chake kilisema kwamba gari hilo huenda maili 18 kwa galoni. Karani wetu wa hesabu aliniuliza galoni moja ni lita ngapi. Nilikuwa nimesomea Marekani, na namba iliyokuwa kichwani mwangu ilikuwa ile niliyoizoea huko. Nikamjibu bila kusita: lita 3.785.

Dereva wetu, mzee aliyekuwa amebakiza miaka michache kustaafu, alikwenda Singida na kurudi, jumla ya maili 300. Alitumia lita 76 za dizeli. Karani alipiga hesabu hivi: maili 300 kugawanya kwa 18 ni galoni 16.67, galoni hizo mara 3.785 ni lita 63. Pembeni ya daftari la safari akaandika kwamba lita 13 hazijulikani zilipo. Kila aliyewahi kufanya kazi ofisini anajua maneno hayo yana maana gani kwa dereva.

Mzee aliitwa kujieleza. Hakupandisha sauti. Alisema: "Mwalimu, mimi sijui galoni. Najua pampu inanipa lita, na gari linanihesabia maili. Gari hili kwa lita moja linakwenda maili nne. Maili 300 ni lita 75. Hiyo moja iliyozidi ni mchanga wa njia ya kijijini tulikopeleka mizigo."

Nilikwenda zangu ofisini nikafungua kile kitabu cha gari. Kilichapwa Uingereza. Galoni iliyotajwa humo haikuwa ile niliyoijua. Maili 300 kwa kipimo sahihi ni lita 75.8. Mzee alikuwa amesema kweli, na aliyekosea alikuwa mimi. Nilimwomba radhi mbele ya karani, na maneno yale yakafutwa daftarini. Lakini nimejiuliza mara nyingi mambo yangekuwaje kama mzee yule asingekuwa na hesabu yake mwenyewe.

3. Galoni mbili zenye jina moja

Chanzo cha kosa langu kina historia ndefu. Waingereza wa zamani walikuwa na galoni za namna mbalimbali, moja ya divai, nyingine ya bia. Galoni ya divai, ambayo ujazo wake ulithibitishwa kuwa inchi za ujazo 231 mwaka 1707, ilivuka bahari pamoja na walowezi, na ndiyo inayotumika Marekani hadi leo. Uingereza yenyewe iliiacha mwaka 1824 ikaweka galoni mpya, iliyofasiriwa kuwa ujazo wa ratili 10 za maji. Kwa hiyo tuna:

Galoni 1 ya Kiingereza = lita 4.546
Galoni 1 ya Kimarekani = lita 3.785

Galoni ya Kiingereza ni kubwa kuliko ya Kimarekani kwa asilimia 20. Maili, kwa bahati njema, ni moja: tangu makubaliano ya mwaka 1959 maili ni kilometa 1.609344 kamili. Kwa hesabu za kawaida tunatumia 1.609.

Hapa kwetu mifumo hii imepishana zaidi ya mara moja. Wajerumani walipojenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, ilikofika mwaka 1914, waliipa upana wa meta 1 kati ya chuma na chuma. Waingereza walipoitawala Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza walileta maili na galoni. Leo tunatumia kilometa na lita; lakini reli mpya, iliyoanza kuchukua abiria hadi Dodoma mwaka 2024, ina upana wa milimeta 1,435, nayo namba hiyo si kingine ila futi 4 na inchi 8 na nusu za Kiingereza.

Vyombo vyetu vya kuchukulia mafuta navyo vinasimulia habari hiyo hiyo. Pipa la chuma tunaloliita la lita 200 ni pipa la galoni 44 za Kiingereza. Pipa la Kimarekani la galoni 55 huchukua lita 208. Debe la mafuta ya taa la zamani lilikuwa la galoni 4 za Kiingereza, yaani lita 18 na kidogo, wala si 20 kama wengi wanavyodhani. Tena mitaani neno "galoni" limekuwa jina la chombo cha plastiki, kiwe cha lita 3, 5 au 20. Mwanafunzi na ajihadhari: galoni ya mtaani ni chombo, si kipimo.

4. Njia mbili za kutazama jambo moja

Ulaji wa mafuta huelezwa kwa njia mbili. Ya kwanza huuliza: kwa mafuta haya nitafika wapi? Majibu yake ni maili kwa galoni, au kilometa kwa lita. Ya pili huuliza: kwa safari hii nitahitaji mafuta kiasi gani? Jibu lake ni lita kwa kila kilometa 100. Magari mengi yatokayo Japani huelezwa kwa kilometa kwa lita. Ya Ujerumani na nchi jirani zake kwa lita kwa kilometa 100. Ya Uingereza na Marekani kwa maili kwa galoni, kila nchi na galoni yake.

Tuangalie kwamba katika njia ya kwanza namba kubwa ni sifa njema, na katika njia ya pili namba kubwa ni sifa mbaya. Kilichokuwa kiasi katika sehemu ya kwanza kimekuwa asili katika sehemu ya pili. Ndiyo maana hatuwezi kuhama kutoka njia moja hadi nyingine kwa kuzidisha peke yake, lazima tugawanye.

5. Jinsi ya kubadili

Kanuni kubwa ni kuandika kipimo kando ya kila namba, na kuviacha vipimo vyenyewe vikatane kama namba zikatanavyo katika sehemu. Tuchukue maili 18 kwa galoni ya Kiingereza.

Hatua ya kwanza: badili maili kuwa kilometa.
18 × 1.609 = kilometa 28.96 kwa galoni.

Hatua ya pili: badili galoni kuwa lita. Galoni iko chini, katika asili, basi tunagawanya.
28.96 ÷ 4.546 = kilometa 6.37 kwa lita.

Hatua ya tatu: geuza njia.
100 ÷ 6.37 = lita 15.7 kwa kilometa 100.

Atakayeifanya kazi hii mara nyingi ataona kwamba hatua zote tatu hukusanyika katika namba moja:

Lita kwa kilometa 100 = 282.5 ÷ (maili kwa galoni ya Kiingereza)
Lita kwa kilometa 100 = 235.2 ÷ (maili kwa galoni ya Kimarekani)

Na je, kipimo cha mzee, maili kwa lita? Hicho ni kipimo mchanganyiko: juu kuna maili ya Kiingereza, chini kuna lita. Hakimo katika kitabu chochote cha gari nilichokisoma, lakini ni halali kabisa, kwa sababu kimeunganisha vitu viwili ambavyo dereva huvisoma kwa macho yake. Maili 4 kwa lita, mara 4.546, ni maili 18.2 kwa galoni ya Kiingereza. Mzee na kitabu cha gari walikuwa wanasema jambo moja kwa lugha mbili.

Kosa la namna hii halichagui mtu. Tarehe 23 Julai 1983, huko Kanada, ndege ya Boeing 767 ya shirika la Air Canada iliishiwa mafuta ikiwa juu angani. Mafuta yalitakiwa kuhesabiwa kwa kilo, lakini wahusika walitumia 1.77, ambayo ni uzito wa lita moja ya mafuta hayo kwa ratili, badala ya 0.8 ambayo ni uzito huo kwa kilo. Ndege iliondoka na chini ya nusu ya mafuta iliyoyahitaji. Rubani aliielea kama tiara hadi kwenye uwanja wa zamani wa jeshi mahali paitwapo Gimli, na watu wote 69 waliokuwamo walinusurika.

6. Mtego wa wastani

Mtego wa pili ni wa wastani. Dodoma iko zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kutoka Dar es Salaam ni kilometa 450 hivi kwa barabara. Tuseme gari fulani huenda kilometa 12 kwa lita likiteremka kuelekea pwani, na kilometa 8 kwa lita likipanda kurudi na mzigo. Wastani ni ngapi? Wanafunzi wengi watajibu 10. Tuhesabu:

Kuteremka: 450 ÷ 12 = lita 37.5
Kupanda: 450 ÷ 8 = lita 56.25
Jumla: lita 93.75 kwa kilometa 900

900 ÷ 93.75 = kilometa 9.6 kwa lita.

Aliyetegemea wastani wa 10 alitia lita 90 tu. Amepungukiwa lita 3.75, ambazo katika kupanda ni kilometa 30. Gari lake litazimika hapo jirani na Chamwino, naye ameshaiona safari kuwa imekwisha.

Sababu ni kwamba gari hutumia mafuta mengi zaidi katika sehemu ya safari yenye ulaji mbaya, na hivyo sehemu hiyo ina uzito zaidi katika hesabu. Tukitumia lita kwa kilometa 100 mtego hutoweka, maadamu umbali wa kwenda na wa kurudi ni sawa: 8.33 na 12.5, wastani wake ni 10.42, na 100 ÷ 10.42 inarudisha 9.6.

Kwa sababu hiyo hiyo, wakuu wa shule wanaopanga matengenezo ya magari wasidanganyike na ukubwa wa namba. Lori likitengenezwa likatoka kilometa 4 hadi 5 kwa lita, kila kilometa 1,000 zitaokoa lita 50. Gari dogo likitoka kilometa 10 hadi 15 kwa lita, umbali ule ule utaokoa lita 33 tu. Ongezeko la 1 limeshinda ongezeko la 5.

7. Neno kwa walimu

Somo hili lafaa kufundishwa kwa kitu halisi. Mwombeni dereva wa shule daftari lake la safari, ajazwe tangi mpaka juu mwanzoni na mwishoni mwa safari, nao wanafunzi wahesabu wenyewe. Kabla ya hesabu yoyote wajibu maswali matatu: Umbali umesomwa kwa maili au kilometa? Mafuta yamepimwa kwa lita au galoni? Ikiwa ni galoni, ni ya nchi gani? Na iwapo hesabu itaonyesha kwamba mafuta yamepotea, wayarudie maswali hayo matatu kabla ya kumwita mtu yeyote ajieleze.

8. Mazoezi

(a) Kitabu cha gari lililotoka Marekani chasema maili 25 kwa galoni. Badili kuwa kilometa kwa lita, na lita kwa kilometa 100.

(b) Dereva wa bodaboda asema galoni yake ya plastiki ya lita 5 humpeleka kilometa 200. Tafuta kilometa kwa lita, na maili kwa galoni ya Kiingereza.

(c) Lori huenda kilometa 2.5 kwa lita kutoka Morogoro hadi Dodoma, kilometa 260, na kilometa 3.5 kwa lita likirudi. Tafuta wastani wa safari nzima.

Majibu: (a) 10.6, 9.4. (b) 40, 113. (c) Kilometa 2.92 kwa lita, wala si 3.