Kubadilisha nyaya za buji bila kuumia

Ndugu watumishi, mama wa nyumba, na ninyi vijana mnaofungua kapo ya motokari ya baba siku ya yenga,

Wengi mtauliza: munganga anatafuta nini katika mambo ya motere? Kazi yake si sindano na vidonge? Ni kweli. Lakini vidole vilivyoungua, uso uliobabuka, mkono uliokatwa na pangaboi, vyote vinafika mbele ya meza yangu, na mara nyingi ajali haikutokea kazini. Imetokea nyumbani au mtoni, mtu akishughulika na motere yake ya zamani. Basi mara hii tujifunze kazi moja tu: kubadilisha nyaya za buji.

Nianze na kisa nilichokiona mwenyewe. Nilikuwa likizoni kwetu Isangi. Asubuhi tulipanda mtumbwi wa motere kwenda Kisangani, safari ya zaidi ya km 100 kupanda mto. Hatujatoka bado mahali pale Lomami inapoingia katika mto mkubwa, motere ikaanza kukohoa. Silinda moja inafanya kazi, nyingine imelala. Motorista akaondoa kifuniko, na motere ikiwa inazunguka bado, akashika kofia ya buji kwa mkono uliolowa, apate kujua ni silinda gani. Umeme ukampiga. Akaruka kinyumenyume na kuanguka majini. Hakuvaa koti la kuokolea. Kwa bahati alijua kuogelea, na vijana wawili walimvuta kwa kasia. Wakati huo mkondo ulikuwa unatuchukua. Katikati ya mtumbwi kulikuwa na madumu ya esansi, moja halina kifuniko, limezibwa kwa kitambaa, na watoto watatu wameketi juu yake.

Tulipofika ukingoni nilimtazama mikono. Hapakuwa na alama ya kuungua, hata ndogo. Alikuwa amechubuka goti, na anatetemeka.

Umeme ule ni wa namna gani? Katika motokari, bobini inachukua volti 12 za batri na kuzipandisha mpaka volti 15.000, 20.000 na zaidi, ndipo cheche iweze kuruka katika buji. Motere ya mtumbwi ambayo haina batri inapata umeme wake kwa sumaku za volani inayozunguka. Volti ni nyingi, lakini umeme wenyewe ni kidogo na unapita kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kwa hiyo katika motere za zamani ni shida umeme huo peke yake kumwua mtu mzima mwenye moyo mzuri. Kinachomwumiza ni ule mruko: kiwiko kinaingia katika pangaboi, kichwa kinagonga kapo, mguu unakosa mtumbwi. Lakini msitulie sana. Motere zenye umeme wa kielektroniki zinapiga kwa nguvu zaidi, na mtu mwenye ugonjwa wa moyo, au aliyewekewa kifaa cha moyo kifuani, asikaribie kabisa motere iliyofunguliwa inayozunguka.

Hatari ya pili ni kubwa kuliko hiyo. Mvuke wa esansi hauhitaji moto mkubwa ili uwake. Cheche ya bobini ina nguvu karibu mara mia moja kuliko ile inayotosha kuuwasha. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa: haupandi juu, unashuka na kujikusanya chini ya mtumbwi, au katika shimo la gereji, mahali pua haifiki. Mwezi wa Aprili 2025 mashua ya mbao HB Kongolo iliwaka moto karibu na Mbandaka, watu zaidi ya mia moja wakafa. Moto ule, kama ilivyoelezwa, ulianzia kwenye kupika, si kwenye buji. Lakini mtu aliye katikati ya mto, penye moto na mafuta, anakimbilia wapi?

Sasa nyaya zenyewe. Ngozi yake ya mpira inakaushwa na joto, inalainishwa na mafuta, kisha inapasuka. Katika nchi yetu yenye unyevu, maji yanaingia katika nyufa, na umeme unatoroka kabla ya kufika kwenye buji. Alama zake mnazijua: motere inakataa kuwaka asubuhi ya mvua, inakohoa ikipanda mlima, inakula esansi bure. Ukitaka kuhakikisha, subiri usiku, fungua kapo mahali pasipo harufu ya esansi, motere izunguke, nawe utazame tu, mikono nyuma. Penye ufa utaona cheche ndogo za buluu. Waya wa namna hiyo usiufunge kwa tepu. Ubadilishe, na wenzake wote pamoja, maana wamezeeka siku moja.

Zima motere, iache ipoe, kisha ondoa waya wa hasi wa batri. Kwa motere ya mtumbwi, ondoa kile kifungo chenye kamba ya kuzimia na ukitie mfukoni mwako, si mfukoni mwa mtoto. Peleka esansi mbali. Vua pete na saa. Futa mchanga kuzunguka kila buji, usije ukaanguka ndani ya silinda.

Halafu jambo ambalo wengi wanalikosea: usizitoe nyaya zote kwa mara moja. Toa mmoja, weka mpya wake, ndipo uende kwa wa pili. Nitawapa mfano wa motokari ya mbio ambayo wazee wanaikumbuka, Datsun 240Z, iliyoshinda Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 na tena 1973. Motere yake ina silinda 6, na cheche haifuati hesabu ya mtoto wa darasa la kwanza. Inakwenda 1, 5, 3, 6, 2, 4, na deleko, kile kikombe kinachogawa umeme, inazungukia kinyume cha mishale ya saa. Aliyezitoa zote sita na kuzirudisha kwa kubahatisha, motere inamjibu kwa mlipuko unaorudi kwenye kabureta, mahali penye esansi, na uso wake uko hapo hapo juu. Motokari nyingi za silinda 4 zinakwenda 1, 3, 4, 2, lakini si zote. Tazama kitabu cha motokari yako. Kama ni lazima kuzitoa zote, andika namba kwenye kipande cha plasta na ukibandike kwa kila waya. (Plasta ya kununua, tafadhali. Ile ya dispanseri ina kazi yake.)

Shika kofia ya mpira, izungushe kidogo, ndipo uivute. Anayevuta waya anaukata ndani, na kwa nje hutaona kitu. Pima mpya na wa zamani, urefu uwe mmoja. Sukuma kofia mpaka usikie imekamata. Rudisha nyaya katika vishikio vyake, mbali na bomba la moshi.

Katika motere nyingi za mtumbwi na pikipiki, waya umeungana na bobini, hautoki. Kilichoharibika huwa ni kofia, na nyingi zimefungwa kama skrubu. Ifungue, kata milimeta 5 za waya uliooza, kisha zungusha kofia mpya mpaka ikaze. Fanya hivyo ufukweni. Na kwa kupima cheche, usishike buji kwa mkono: ishike kwa pinsi yenye mpira, chuma chake kiguse motere, mbali na tundu la silinda.

Kama mtu ameungua, mwagieni maji safi ya baridi dakika 20. Mtoni, kama hakuna mengine, maji ya mto yanafaa kwa kupoza. Vueni pete kabla vidole havijavimba. Msipake mawese, dawa ya meno wala mafuta ya motere. Nalazimika kuyasugua yote ili nione kidonda, na mgonjwa analia mara ya pili. Funikeni kwa kitambaa safi. Moto wa usoni, mikononi, au mkubwa kupita kiganja cha mgonjwa, ufike kwetu siku ile ile. Na aliyepigwa na umeme akisikia moyo unapiga ovyo, au amezimia hata kidogo, aje vile vile, hata akisema amepona.

Yule motorista nilimwona tena nikirudi Isangi. Kofia zote mbili za buji zilikuwa mpya, na kila dumu lilikuwa na kifuniko chake. Koti la kuokolea alikuwa amelinunua pia. Lilining'inia nyuma karibu na motere, ndani ya plastiki yake ya dukani.