SOMO LA WIKI: Jedwali la mizani lisivuje kabla ya mnada

Msimu wa soya na ufuta unapofika mkoani Ruvuma, wengi hudhani kwamba taarifa yenye thamani kubwa kuliko zote ni bei. Lakini bei ya mnada hutangazwa hadharani, na jioni hiyo hiyo kila kijiji huwa kimekwisha kuisikia. Taarifa ambayo wanunuzi wa pembeni wako tayari kuilipia ni nyingine: nani ana magunia mangapi, anadaiwa nini, na anapatikana kwa namba gani ya simu. Zamani taarifa hiyo ilikuwa katika leja nene iliyofungiwa kabatini, na aliyetaka kuiiba alipaswa kuibeba. Leo imo katika jedwali la kompyuta, lile ambalo wataalamu wa lugha huliita lahajedwali, na kuliiba hakuachi pengo lolote kabatini.

Hebu tuchukue mfano wa chama cha msingi cha mazao katika Halmashauri ya Madaba, kando ya barabara kuu ya Njombe kwenda Songea. Ni chama cha mfano tu, lakini wasomaji wetu wa huko watakitambua. Kina jedwali moja la Excel. Safu ya kwanza ni namba ya mwanachama, kisha jina, kijiji, simu, akaunti ya benki, kilo zilizopimwa, deni la pembejeo, makato na malipo halisi. Karani wa mizani huingiza kilo. Mhasibu huingiza madeni na makato. Mtunza ghala hulinganisha jumla na mzigo ulioko ghalani. Meneja hulihitaji anapoandaa taarifa ya mnada, na wajumbe wa bodi hulitaka kila wanapokutana. Hata chama kinachotumia mfumo wa MUVU wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika mara nyingi huwa na jedwali la pembeni kama hili, kwa sababu karani aliye mizanini huandika kwanza pale penye urahisi.

Hasara ya jedwali hilo kuvuja si ya kufikirika. Tuseme mwanachama ana gunia 5 za soya, yaani kilo 500, na ana deni la pembejeo la shilingi 150,000. Mnunuzi wa kangomba akilijua hilo hahitaji kuzunguka kijiji kizima akiuliza. Atakwenda moja kwa moja kwa wale wenye mzigo mkubwa na deni kubwa, usiku, akiwa na fedha taslimu, wiki mbili kabla ya mnada. Akipunguza shilingi 300 tu kwa kilo, mkulima amepoteza shilingi 150,000, yaani kiasi kile kile cha deni lake, na deni lenyewe bado liko pale pale. Ongeza lumbesa juu yake. Chama nacho kinapoteza ushuru, kinakwenda mnadani na mzigo mdogo usiovutia wanunuzi wakubwa, na deni la pembejeo linakosa mahali pa kukatwa.

Sasa tutazame kinga, tukianza na ile ambayo watu wengi huitegemea bila kuielewa.

Excel ina agizo la kulinda karatasi. Ukiliwasha na kuweka neno la siri, seli hukataa kuandikwa. Ni agizo zuri kwa kazi yake, yaani kuzuia karani mwenye haraka asifute kanuni ya hesabu ya makato. Lakini halimzuii mtu kusoma wala kunakili. Anayefungua faili huziona namba zote, na kwa kawaida anaweza kuzichagua, kuzinakili na kuzibandika katika faili jipya lisilo na kufuli lolote. Aidha, faili la xlsx kwa ndani ni kifurushi cha mafaili madogo ya maandishi, na kufuli hilo ni mstari mmoja tu katika faili mojawapo. Microsoft wenyewe wameeleza wazi kwamba ulinzi wa karatasi haukukusudiwa kuwa kinga ya usalama. Google nao wameeleza vivyo hivyo kuhusu seli zinazolindwa katika Google Sheets.

Kuficha safu ni dhaifu zaidi. Wapo wahasibu wanaoficha safu ya simu na ya akaunti kabla ya kutuma faili, wakiamini kwamba zimeondoka. Zimo. Mwezi Agosti 2023 polisi wa Ireland Kaskazini walijibu ombi la taarifa kwa kutoa faili la Excel ambalo ndani yake kulikuwa na karatasi iliyofichwa. Karatasi hiyo ilikuwa na majina ya ukoo, herufi za kwanza za majina, vyeo na idara za askari na watumishi 9,483. Katika nchi ambayo askari wamewahi kuuawa majumbani kwao, baadhi yao walilazimika kuhama makazi. Kamishna wa Taarifa wa Uingereza aliwatoza polisi hao faini ya pauni 750,000 mwaka 2024. Taasisi yenye wanasheria na mafundi wa kompyuta iliponzwa na karatasi iliyofichwa. Karani wa chama cha msingi asitegemee kuokolewa nayo. Safu isiyotakiwa kuonekana ifutwe kwenye nakala inayotumwa.

Kinga halisi katika Excel ni neno la siri la kufungulia faili. Hili ni agizo tofauti na lile la kwanza, na ndipo wengi huchanganya. Ukilitumia, faili lote husimbwa, yaani maandishi yake hugeuzwa kuwa fumbo lisilosomeka mpaka neno sahihi liingizwe. Kuanzia Excel ya 2007 usimbaji huo ni wa nguvu. Mafaili ya zamani ya xls ni dhaifu, hivyo yahifadhiwe upya kwa muundo wa xlsx. Kuna tahadhari mbili. Neno hilo likisahaulika hakuna wa kukurudishia, hata Microsoft. Liandikwe kwenye karatasi, litiwe katika bahasha na kufungiwa sefuni pamoja na hati za chama. Tahadhari ya pili ni kwamba faili likitumwa WhatsApp, neno la siri lisifuate chini yake katika mazungumzo yale yale. Mpigie mhusika simu umtajie.

Hata hivyo, neno la kufungulia lina mpaka wake. Likijulikana kwa watu sita, linatoa yote kwa watu sita. Karani anayehitaji safu mbili anapewa tisa.

Wanaotumia Google Sheets wana hali tofauti kidogo. Hapa faili ni moja, wahusika huingia kila mmoja kwa barua pepe yake, na mwenye faili huamua nani asome tu na nani aandike. Kosa kubwa ni kuchagua kwamba mtu yeyote mwenye kiungo anaweza kuingia. Kiungo hicho kikishatumwa katika kundi la wajumbe, kimekwisha kuwa ufunguo usio na jina, na yeyote atakayetumiwa naye ataingia. Orodhesha barua pepe moja moja, hata kama inachosha. Katika mipangilio ya kushiriki kuna pia mahali pa kuwazuia wasomaji wasipakue, wasichapishe na wasinakili. Wazuie. Lakini tusidanganyane: kizuizi hicho hakimhusu mwenye ruhusa ya kuandika, na hakuna programu inayomzuia mtu kuelekeza kamera ya simu ya pili kwenye kioo. Kinachoonekana kinaweza kunakiliwa. Swali la msingi kwa hiyo ni nani anaonyeshwa nini.

Sisi tuliosomea biashara tulifundishwa kutenganisha majukumu: anayepokea fedha asiwe yule yule anayeandika leja. Kanuni hiyo ifikishwe kwenye jedwali. Chama chetu cha mfano kingekuwa na mafaili matatu badala ya moja. La mizani liwe na namba ya mwanachama, tarehe na kilo, basi. Hilo ndilo la karani na mtunza ghala. La madeni liwe na namba ya mwanachama na fedha anazodaiwa, chini ya mhasibu. La tatu ni daftari la wanachama, lenye jina, simu na akaunti, nalo liwe mikononi mwa watu wawili tu, meneja na mhasibu. Namba ya mwanachama ndiyo inayoyaunganisha matatu siku ya malipo. Atakayeiba faili la mizani atajua kwamba mwanachama namba 214 ana kilo 500, lakini hatajua ni nani wala ampigie wapi.

Katika vijiji ambako kila mtu anamfahamu mwenzake, namba haifichi kila kitu. Aliyesimama mizanini siku hiyo ameona. Lakini kuona watu kumi mizanini ni tofauti na kuwa na orodha ya watu mia nane mfukoni.

Hapa kuna mtego wa kiufundi. Google Sheets ina kanuni iitwayo IMPORTRANGE inayovuta data kutoka faili moja kwenda jingine, na mafundi wengi huipendekeza kwa kutenganisha mafaili. Ikishaidhinishwa, yeyote mwenye ruhusa ya kuandika katika faili linalopokea anaweza kuibadili ivute sehemu yoyote ya faili la asili, pamoja na zile safu ulizotaka kumnyima. Kwa chama kidogo ni salama zaidi kunakili safu zinazotakiwa na kubandika thamani zake tu katika faili jipya. Faili hilo liwe jipya kweli. Ukifuta safu ya simu kisha ukampa mtu ruhusa ya kuandika katika faili lile lile, anaweza kufungua historia ya matoleo na kuikuta safu hiyo kama ilivyokuwa jana.

Lakini mafaili mengi hayavuji kwa ufundi wa namna hiyo. Huvujia steshenari. Mjumbe anataka nakala ya karatasi kwa ajili ya kikao, anatuma faili kwa WhatsApp ya mwenye duka, linapakuliwa kwenye kompyuta ya duka, linachapishwa, mjumbe analipa na kuondoka. Faili linabaki pale kwenye dirisha la kompyuta, kati ya barua za maombi ya kazi na kadi za harusi. Au mjumbe anafungua akaunti yake mwenyewe kwenye kompyuta hiyo na kusahau kutoka. Chama kinachoshughulika na mazao ya mamilioni kinaweza kumudu printa yake. Kama hakimudu, basi kichapishe nakala isiyo na simu wala akaunti, na aliyepeleka asimame pale mpaka faili lifutwe, pamoja na kwenye kapu la taka la kompyuta.

Njia moja rahisi ya kumjua aliyevujisha ni kuitia kila nakala jina la aliyepewa na tarehe, katika kichwa cha kila ukurasa. Picha ikionekana mitaani, inajulikana imetoka kwa nani. Wapo wanaoshauri kuweka mwanachama wa uongo katika orodha, kama wachora ramani walivyokuwa wakitia mtaa usiokuwepo ili kumnasa mwizi wa ramani. Mimi nisingeshauri hivyo katika orodha ya malipo. Mwanachama hewa ni neno ambalo mkaguzi hataki kulisikia, hata ukimweleza kwamba ni mtego.

Kuna hoja ya upande wa pili ambayo viongozi wasiikwepe. Ushirika una historia ya fedha za wakulima kupotea, na mara nyingi zilipotea kwa sababu vitabu vilifichwa. Mwanachama ana haki ya kujua jumla ya kilo, bei, makato na ushuru. Yote hayo yabandikwe kwenye ubao wa ofisi: namba ya mwanachama, kilo zake, kiwango cha makato kwa kilo. Deni la mtu, simu yake na akaunti yake ni vya kwake, na aelezwe yeye mwenyewe dirishani. Meneja anayekataa kubandika jumla kwa kisingizio cha usalama wa data aulizwe maswali.

Sheria nayo imebadilika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na wazilinde taarifa hizo. Kwa upande wa anayeingia bila ruhusa, kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinataja faini isiyopungua shilingi milioni 3, au mara tatu ya faida aliyoipata, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Lakini ili mtu ashitakiwe kwa kuingia bila ruhusa, lazima chama kiweze kuonyesha nani alikuwa na ruhusa. Bodi iandike katika muhtasari wa kikao majina ya waliopewa kila faili na tarehe waliyopewa.

Orodha hiyo ipitiwe tena malipo ya mwisho yakikamilika. Karani wa msimu aondolewe siku mkataba wake unapokwisha, na neno la siri libadilishwe siku hiyo. Ikiwa faili liko Google, liwe chini ya akaunti ya chama, si ya karani, kwa kuwa mwenye akaunti ndiye mwenye faili. Akaunti hiyo iwe na uthibitisho wa hatua mbili kwa laini inayomilikiwa na chama, na zile namba za dharura ambazo Google huzitoa zichapishwe na kuwekwa katika bahasha ile ile iliyoko sefuni.