Peroksaidi Kitaluni: Dawa ya Kidonda Inaifanyia Nini Mbegu?

Wakulima wengi wa mboga wamewahi kupewa ushauri huu: kabla ya kusia mbegu, ziloweke kwenye ile dawa inayotoa povu kidondani, haidrojeni peroksaidi, nazo zitaota haraka na kwa wingi. Ushauri huo una ukweli ndani yake, ila anayeufuata bila kujua sababu anaweza kupoteza mbegu na fedha. Tuanze na mbegu yenyewe.

Mbegu kavu ni kiumbe hai. Ndani ya ganda mna kiinitete, yaani mmea mchanga wenye mzizi na majani yake ya awali, pamoja na akiba ya wanga, mafuta na protini. Ikiwa kavu, hupumua kwa kiwango kidogo mno, ndiyo maana inaweza kuhifadhiwa kwa muda mrefu. Huamshwa na mambo matatu: maji, joto linalofaa na oksijeni. Maji yakishaingia, vimeng'enya huanza kuvunja akiba ile na kugeuza sehemu yake kuwa sukari, na sukari hutumiwa pamoja na oksijeni kutoa nguvu ya kusukuma mzizi nje. Oksijeni ikikosekana, chakula kipo lakini mbegu haiwezi kukitumia ipasavyo.

Tatizo ni kwamba maji yanayoamsha mbegu ndiyo hayo hayo yanayoweza kuinyima pumzi. Lita moja ya hewa ina takriban miligramu 270 za oksijeni. Lita moja ya maji yaliyo wazi, kwenye nyuzi joto 25 za Selsiasi, ina miligramu 8 hivi tu. Tena oksijeni husambaa majini polepole kiasi cha mara 10,000 kuliko hewani. Mbegu iliyozama kikombeni kwa siku mbili, au iliyosiwa kwenye udongo wa mfinyanzi uliojaa maji, imepata kinywaji tele na kukosa hewa.

Sasa tuitazame peroksaidi. Molekuli ya maji ina atomi mbili za haidrojeni na moja ya oksijeni. Molekuli ya peroksaidi ina mbili za haidrojeni na mbili za oksijeni, na muungano huo si imara. Molekuli mbili za peroksaidi zikivunjika, tunapata molekuli mbili za maji na moja ya gesi ya oksijeni. Hakuna kingine kinachobaki. Mkemia Mfaransa Louis Jacques Thénard aliigundua mwaka 1818. Mwanga huharakisha kuvunjika kwake, ndiyo sababu huuzwa katika chupa zisizopitisha mwanga. Lita moja ya peroksaidi ya asilimia 3 ikivunjika yote hutoa gramu 14 hivi za oksijeni, ambazo ni karibu lita 10 za gesi.

Unaweza kuliona jambo hili jikoni. Chukua maharage yaliyolowekwa usiku kucha, yapasue, uyadondoshee peroksaidi. Povu jeupe litaanza kupanda pale ulipopasua. Kisha jaribu na maharage yaliyochemshwa yakaiva na kupoa: hutaona povu la maana. Tofauti hiyo inaletwa na kimeng'enya kiitwacho katalesi, ambacho huharibiwa na moto. Seli za mbegu hujitengenezea peroksaidi kidogo zinapopumua, na katalesi huivunja isije ikazidhuru. Molekuli moja ya katalesi inaweza kuvunja mamilioni ya molekuli za peroksaidi kwa sekunde moja. Kwa hiyo mbegu hai inapolowekwa kwenye peroksaidi hafifu, oksijeni huzalishwa palepale inapohitajika.

Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya peroksaidi: kuipa mbegu oksijeni. Kazi ya pili ni usafi. Peroksaidi huharibu kuta na protini za vimelea, hivyo hupunguza ukungu na bakteria waliokaa juu ya ganda. Kwa mbegu ulizokamua mwenyewe kutoka kwenye nyanya au pilipili, faida hii huenda ikawa kubwa kuliko ile ya oksijeni.

Kazi ya tatu ni ya ndani zaidi. Baadhi ya mbegu zina kemikali zinazozizuia kuota. Mwaka 2001 watafiti wa Japani waliripoti kwamba peroksaidi husaidia mbegu za ua la zinia kwa kuziunguza kemikali hizo. Katika maabara za mbegu za misitu Marekani, mbegu za misonobari hukatwa ncha ya ganda upande wa mzizi, zikalowekwa kwenye peroksaidi ya asilimia 1, na baada ya siku chache mizizi huhesabiwa ili kujua ni ngapi zilizo hai, bila kusubiri majuma ya kuziweka kwenye baridi.

Kazi zote tatu ni za kuondoa kizuizi. Mbegu iliyokufa haina kizuizi cha kuondolewa, na peroksaidi haiifufui. Hoho iliyosiwa kwenye baridi ya Njombe mwezi Julai inakosa joto. Inapenda nyuzi 25 hadi 30, na dawa haiwezi kuipa. Kinyausi, ugonjwa unaoozesha miche michanga, nacho mara nyingi hutoka kwenye udongo wa kitalu. Peroksaidi uliyoipaka mbegu huvunjika mapema, na mche ukichomoza hauna kinga yoyote. Hapo dawa ni udongo safi, nafasi kati ya miche na kumwagilia kwa kiasi.

Ukitaka kujaribu, changanya sehemu moja ya peroksaidi ya asilimia 3 na sehemu tano za maji safi, upate asilimia 0.5. Loweka kwa dakika 30, suuza vizuri, kisha usie mara moja. Usizidishe ukidhani utaharakisha. Peroksaidi ikiizidi nguvu katalesi, huchoma kiinitete chenyewe. Ile kali ya viwandani, ya asilimia 30 na kuendelea, huunguza ngozi na macho, isiletwe kitaluni kabisa. Mbegu za dukani zilizopakwa rangi pia usiziloweke, kwa kuwa rangi hiyo huashiria dawa ya kuua vimelea, nawe utaiosha.

Kisha pima. Hesabu mbegu 100 za pakiti moja. Hamsini ziloweke kwenye peroksaidi, hamsini kwenye maji matupu, kwa muda uleule. Zifunge kwenye karatasi mbili zenye unyevu, uziweke mahali pamoja, uhesabu kila siku zilizotoa mzizi. Zikiota 43 upande mmoja na 40 upande wa pili, usishangilie: tofauti ya mbegu tatu inaweza kuletwa na bahati tu. Maabara za kupima mbegu hutumia kwa kawaida mbegu 400 kwa sababu hiyo. Rudia jaribio, na ukiona peroksaidi inashinda kila mara, itumie.

Mkulima mwenzangu, kabla hujanunua chupa, jiulize mbegu zako zinazuiwa na nini: hewa, ukungu, baridi au uzee. Kama ni baridi au uzee, fedha hiyo inunulie mbegu mpya zilizothibitishwa, au subiri msimu wa joto.