Degedege kwa Mtoto Mdogo: Uzito wa Saa za Kwanza

Mtoto aliyekuwa na homa hukakamaa ghafla, macho yakageuka juu, mikono na miguu ikatetemeka, naye asimsikie anayemwita. Ni mambo machache yanayomtia mzazi hofu kama haya. Katika vijiji vya Bonde la Kilombero, kutoka Kisawasawa hadi Ifakara na ng'ambo ya mto, hali hiyo huitwa degedege, na jina hilo hubeba fikra za tangu zamani.

Tafiti zilizofanywa katika wilaya za Kilombero na Ulanga zilionyesha kwamba baadhi ya wazazi waliitambua malaria vizuri na kuipeleka hospitali, lakini degedege waliihesabu kuwa ugonjwa mwingine, wenye asili isiyo ya kawaida, unaopaswa kutibiwa kwanza kwa mganga wa jadi. Wengine waliamini kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano hufa. Imani hiyo haikuzuka bure. Mtoto aliyecheleweshwa hufika kituoni akiwa mahututi, hupewa sindano, kisha hufariki. Macho ya watu huona sindano ya mwisho. Hayaoni saa nyingi zilizopotea kabla yake. Hivyo kuchelewa huzaa kifo, na kifo huzaa hofu inayomchelewesha mtoto mwingine.

Degedege si ugonjwa unaojitegemea. Ni dalili kwamba ubongo umeguswa. Kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5, homa peke yake yaweza kuleta degedege la dakika chache, kisha mtoto akazinduka na kupona bila madhara. Lakini dalili hiyohiyo huletwa na malaria kali, homa ya uti wa mgongo au kushuka kwa sukari katika damu. Mzazi hawezi kuzitofautisha kwa macho, wala mhudumu hawezi bila vipimo. Kwa hiyo kila mtoto aliyepata degedege apelekwe kituoni siku hiyohiyo, hata kama limekoma na mtoto anacheza.

Mtoto anapokuwa katika degedege, mzazi afanye yafuatayo:

1. Amlaze ubavu mahali salama, alegeze nguo na kuondoa vitu vinavyoweza kumjeruhi.
2. Asimtie kijiko, kidole, maji wala dawa kinywani. Mtoto aweza kupaliwa.
3. Asimzuie kwa nguvu, asimfukize moshi, asimmwagie maji baridi.
4. Aangalie saa. Degedege likizidi dakika 5, likirudia, au mtoto asipozinduka, hiyo ni dharura kuu.
5. Aanze safari mara moja. Mtoto akizinduka na kuweza kumeza, anyonyeshwe njiani ili sukari isishuke.

Safari hiyo ndiyo kikwazo kikubwa cha bonde hili. Msimu wa mpunga familia nyingi huhamia mashambani, zikaishi katika vibanda na madungu mbali na zahanati, wakati mbu ni wengi na njia zimejaa maji. Uamuzi usingoje usiku wa degedege. Kabla ya kuhamia shamba, wazazi wakubaliane nani atamchukua mtoto, kwa bodaboda au mtumbwi wa nani, na fedha gani imewekwa akiba. Mama aliyebaki na mtoto awe na ruhusa ya kuondoka bila kumsubiri baba wala bibi.

Kwa mhudumu wa zahanati, kazi ya kwanza ni njia ya hewa, kisha kuzuia degedege linaloendelea kwa diazepamu, miligramu 0.5 kwa kila kilo kupitia njia ya haja kubwa. Sukari ipimwe, kipimo kisipokuwepo na mtoto hana fahamu, atibiwe kana kwamba imeshuka. Kipimo cha haraka cha malaria kifanywe, lakini jibu chanya lisimfanye mhudumu asahau homa ya uti wa mgongo. Mwenye malaria kali aliye chini ya kilo 20 hupewa sindano ya artesuneti miligramu 3 kwa kilo: mara afikapo, baada ya saa 12 na baada ya saa 24. Kisha, akiweza kumeza, hukamilisha dozi ya dawa mseto ya siku 3. Zahanati isiyoweza kutoa tiba kamili itoe dozi ya kwanza kabla ya kumpa rufaa.

Manufaa ya dawa hii yamethibitishwa. Utafiti wa watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo, uliotangazwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba artesuneti ilipunguza vifo kwa zaidi ya asilimia 20 ikilinganishwa na kwinini.

Mhudumu asimkaripie mzazi aliyepitia kwa mganga. Aliyekaripiwa leo atajificha kesho. Amweleze kwa upole kwamba sindano haiui mtoto mwenye degedege. Kinachomwua ni ugonjwa uliopewa muda. Na mganga naye aelezwe dalili za hatari, kwa kuwa huenda yeye ndiye atakayebisha hodi zahanati akiwa na mtoto mwingine.