Mikono Nayo Ina Lugha Zake

Kila msomaji ajua kwamba Mhangaza na Msukuma hawasemi lugha moja. Bali ni wachache wanaofikiri kwamba hata mikono ya watu yaweza kukosa kusikilizana. Nchi yetu ya Ngara na Biharamulo ni njia panda. Wapo Wahangaza, Washubi, Wazinza, Waha, Wahaya na Wasukuma, na ng'ambo ni Rwanda na Burundi. Tena tangu kituo cha pamoja cha mpakani kifunguliwe Rusumo mwaka 2016, wageni wapitao ni wa kila namna.

Tuanze na salamu. Mnyarwanda au Mrundi ampapo mkubwa mkono wa kuume, huushikilia kwa ule wa kushoto, na maana yake ni heshima. Mzungu asiyejua aweza kuuliza kama mkono unauma! Waha nao husalimu kwa kupiga makofi taratibu, hata mgeni wa mjini adhani anashangiliwa.

Kuita mtu ni jambo zito zaidi. Sisi huita kiganja kikitazama chini, vidole vikivutwa kwetu. Wazungu wengi hugeuza kiganja juu, wakapindapinda kidole kimoja. Kwetu hiyo ni dharau, na huko Ufilipino kidole hicho huitiwa mbwa. Lakini tusiwacheke, maana mwito wetu wa kiganja chini, machoni pa Mzungu, wafanana na kuaga au kufukuza. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja tu, wakapiga kambi Benaco, na wengi wa wasaidizi waliotoka mbali hawakujua Kinyarwanda. Katika umati kama ule mkono ndio ulimi. Naye aitwaye akidhani anafukuzwa, atakosa posho ya watoto wake.

Sasa hesabu, ambayo ndiyo yenye hasara. Kwa Kinyarwanda na Kirundi sita ni gatandatu, na nane ni umunani. Wajuzi wa lugha waona humo tatu na tatu, nne na nne, kana kwamba mhesabuji wa kale aliinua vidole sawasawa vya mikono miwili. Washambaa wa Usambara walionyesha sita vivyo hivyo, vitatu huku na vitatu huku. Mzungu huonyesha kiganja kizima na kidole kimoja. Hapo hapana ugomvi, kwa kuwa jumla ni ile ile. Lakini Mchina huonyesha nane kwa mkono mmoja, gumba na kidole cha shahada tu. Na Mjerumani, ambaye huanza kuhesabu kwa gumba, akiviona vidole hivyo atasema ni mbili. Katika biashara ya mahindi, kosa hilo ni magunia sita.

Basi karani wa mahakama au wa mnada akionyeshwa vidole, asiandike neno mpaka mwenye vidole ataje hesabu kwa kinywa chake. Na ikiwa hesabu ni ya ng'ombe, aulize kwa upole na faraghani, kwa maana wapo wafugaji waonao kuwa kutaja idadi ya mifugo mbele ya watu ni mkosi, na pengine ndiyo sababu waliinua vidole.