KABLA YA KUUZA NG'OMBE UENDE KUVUA TURKANA

Kila mwaka mahindi yakiisha kuvunwa hapa Uasin Gishu, husikika mazungumzo ya vijana juu ya Turkana. Husemwa kwamba kule ziwani samaki ni wengi, hakuna kulima wala kununua mbolea, na mtu mwenye mashua na nyavu hupata fedha kila siku badala ya kungoja miezi saba au minane kama mkulima. Basi mmoja huuza ng'ombe, mwingine hukodisha shamba la baba yake, akapanda gari kwenda Kitale na kuendelea kaskazini. Somo la mwezi huu ni kwa ajili ya kijana huyo, na kwa mzazi wake pia anayeombwa kuuza ng'ombe.

Hatusemi usiende. Samaki wapo kweli, na watu wengi wanaishi kwa kazi hiyo. Lakini jambo moja yafaa ulijue kabla hujatoka Eldoret: kumtoa samaki majini si sehemu iliyo ngumu. Iliyo ngumu ni kumfikisha sokoni akiwa bado chakula.

Kwanza litazame ziwa lenyewe. Toka Eldoret, mji ulio juu yapata mita 2,100, unapita Kitale, Kapenguria, Marich, Kainuk na Lokichar mpaka Lodwar, halafu Kalokol penye Ghuba ya Ferguson. Umeshuka mpaka kiasi cha mita 360 tu juu ya bahari. Jua la huko silo jua la kwetu. Mchana joto la nyuzi 35 ni jambo la kawaida. Ziwa lina urefu wa kilomita 250 hivi, na maji yake huingia yasitoke, kwa hiyo yana magadi. Karibu sehemu tisa katika kumi za maji hayo huletwa na mto Omo kutoka Ethiopia. Mto Kerio, unaoujua wewe uliyezaliwa Elgeyo, humwaga humo pia, na Turkwel vilevile. (Sosiani yetu haifiki huko, maji yake huishia Ziwa Victoria kwa njia ya Nzoia.) Samaki wanaouzwa sana ni ngege na mbuta. Mbuta wa Kisumu aliletwa na watu katika miaka ya 1950, lakini huyu wa Turkana ni mwenyeji wa tangu zamani.

KIWANDA CHA KALOKOL

Sasa sikiliza habari ya watu waliokuwa na fedha kuliko wewe na mimi. Katika miaka ya 1970 serikali ya Norway, nchi ambayo watu wake ni wavuvi hodari, ilikuja kuwasaidia Waturkana. Walileta mashua, wakafundisha watu, wakasaidia kutengeneza barabara. Mwisho walijenga Kalokol kiwanda kikubwa cha kugandisha samaki, kilichomalizika mnamo 1981. Kazi hiyo yote iligharimu kiasi cha dola za Marekani milioni 22.

Kiwanda kilifanya kazi siku chache tu, kikafungwa. Kwa nini? Mashine za kugandisha zilihitaji umeme mwingi na maji safi mengi, na mahali pale palikuwa na uhaba wa vyote viwili. Ilipopigwa hesabu, ilionekana kwamba kumgandisha samaki katika joto lile na kumsafirisha mbali kunagharimu zaidi ya bei yake sokoni. Kisha katikati ya miaka ya 1980 maji ya ziwa yalishuka, na Ghuba ya Ferguson, iliyotoa ngege kwa wingi, ikakauka. Wafugaji waliokuwa wamewaacha mbuzi na ngamia ili wawe wavuvi walibaki bila samaki na bila mifugo. Mwaka 1990 uhusiano wa ubalozi kati ya Kenya na Norway ukavunjika, na wataalamu wakaenda zao. Jengo lile likaja kutumika kama ghala ya samaki wakavu.

Mimi sioni kicheko katika habari hii, ingawa wengi huicheka. Wanorway walijua kuvua, na samaki walikuwapo. Kilichowashinda ni safari kati ya wavu na sufuria ya mnunuzi. Tena angalia kilichoingia ndani ya jengo lao baadaye: samaki wa kukaushwa kwa jua na chumvi.

KUKAUSHA SAMAKI NI KAMA KUKAUSHA MAHINDI

Hapa mkulima wa Uasin Gishu ana bahati, maana kazi hii anaijua nusu. Wewe unajua kwamba ukipeleka mahindi katika ghala ya Halmashauri ya Nafaka yakiwa na unyevu zaidi ya 13.5 kwa mia, yatakataliwa. Unajua ukiyatandaza juu ya udongo yatavuta unyevu na kushika ukungu. Samaki ni vivyo hivyo, ila yeye hakupi majuma, hukupa saa. Wavu hutegwa jioni na kuinuliwa alfajiri. Samaki aliyenaswa mapema usiku ameshakaa majini amekufa saa nyingi, na maji yenyewe ni vuguvugu. Ukimwacha mashuani mpaka saa sita mchana, jioni atanuka.

Kwa hiyo wavu ukishainuliwa, wafunike samaki kwa gunia lililoloweshwa wasipigwe na jua. Mkifika ufukoni wapasueni mara moja, toeni matumbo na matamvua, oshani damu yote. Samaki mkubwa akatwe mistari ili chumvi iingie ndani ya nyama. Kipimo cha chumvi kilicho kizuri ni kilo moja kwa kila kilo tatu za samaki. Wengi huipunguza kwa sababu chumvi ni fedha, halafu inzi hutaga mayai katika nyama, na juma la pili gunia lina funza. Baadaye huja wadudu weusi wagumu wanaotoboa samaki mkavu kama dumuzi wanavyotoboa mahindi yako.

Usiwaanike mchangani wala juu ya mawe. Jenga uchanja wa miti ulioinuka kiasi cha kiuno, utandaze wavu mkuukuu juu yake, ili upepo upite chini na juu. Wageuze kila siku. Usiku wafunike kwa turubai. Samaki aliyekauka vema hukunjika kwa shida na hatoi maji ukimbonyeza penye nyama nene karibu na mgongo. Samaki wa namna hiyo anaweza kwenda mpaka Kitale, Kisumu na Busia, na wafanyabiashara humvusha hata Kongo.

Wapo wanaouza wabichi kwa kutumia barafu. Bei yake ni nzuri, lakini uliza mambo mawili kwanza: barafu inatoka wapi, na ni ya nani? Katika joto lile wahitaji kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Gari likiharibika njiani siku moja, mzigo wote umekwisha. Mgeni asianze na barafu.

PIGA HESABU KWA KALAMU

Tuseme kijana wa Moiben amepata kilo 100 za samaki wabichi. Akiisha kuwatumbua na kuwakausha sawasawa, huenda zikabaki kilo 30 hivi. Maana yake kilo moja ya samaki mkavu ni lazima iuzwe zaidi ya mara tatu ya bei ya kilo mbichi, ndipo aanze kulipia chumvi, magunia, wasaidizi na nauli ya lori. Asipojua hesabu hii atafurahi kuona bei ya samaki mkavu ni mara mbili, kumbe anapoteza.

Jihadhari pia na mkopo wa nyavu. Mara nyingi tajiri humpa mvuvi mashua au nyavu, na masharti ni kwamba samaki wote auziwe yeye. Bei anaipanga yeye. Mkopo wa namna hii waweza kumfunga mtu miaka mingi, na deni lisipungue. Kama huna budi kuuchukua, mwambie aandike kiasi cha deni na bei ya kilo, na shahidi atie sahihi.

UPEPO, MAJI NA WENYEJI

Upepo wa ziwa hili unavuma kutoka kusini-mashariki, wenye nguvu sana hasa usiku na asubuhi. Ni upepo huohuo unaozungusha mitambo 365 ya umeme karibu na Loiyangalani, ng'ambo ya mashariki. Huamka ghafula na kupindua mashua. Asiyejua kuogelea asiende, na ajuaye avae jaketi la kuelea. Usione haya kurudi ukiona wenyeji wanarudi. Mamba nao ni wengi, basi usiingie majini kuvuta wavu jioni.

Maji ya ziwa usiyafanye ya kunywa. Yana floridi nyingi, nayo huharibu meno na mifupa. Chukua chandarua cha mbu pia. Mtu aliyekulia katika baridi ya Eldoret hupigwa na malaria kwa nguvu.

Tena usijenge karibu na ukingo. Ziwa hili hupanda na kushuka. Lilishuka katika miaka ya 1980, na mnamo 2020 lilipanda likafunika nyumba na malisho ya watu ufukoni. Bwawa la Gibe III juu ya mto Omo, lililofunguliwa Desemba 2016, nalo limebadili jinsi maji yanavyokuja.

Usivue kaskazini karibu na mpaka. Februari 2025 wavuvi wa Turkana walishambuliwa huko, na zaidi ya 20 hawakujulikana walipo. Hao walikuwa wenyeji wa ziwa, seuze mgeni.

Ufukoni utakuta kikundi cha usimamizi kinachoitwa BMU. Nenda kwa mwenyekiti wao kabla hujashusha mzigo wako, umsalimu kwa heshima. "Ejoka" ni neno dogo, lakini litakufungulia mlango. Ziwa lina wenyewe, na mgeni anayetega nyavu bila kusema neno hutafuta ugomvi. Sheria ya Uvuvi ya 2016 inataka mvuvi awe na leseni na chombo chake kiandikishwe. Kokoro na nyavu za uzi mmoja wa plastiki zimekatazwa. Mchuuzi akikuuzia wavu wa namna hiyo kwa bei rahisi mjini, ujue kwamba utanyang'anywa. Ofisi ya Samaki ya kaunti iko Lodwar. Ofisa huyo, ambaye wazee wetu walimwita Bwana Samaki, atakuonyesha ni wavu gani unaoruhusiwa, na kumwuliza hakuna malipo.

Je, ng'ombe auzwe? Sisi twasema bado. Nenda Januari, mahindi yakiwa ghalani, ukiwa na nauli ya kwenda na kurudi, chandarua na daftari. Usinunue mashua. Omba kazi ya kupasua na kukausha samaki kwa mtu anayeaminika na BMU, uandike kila siku uzito wa samaki wabichi, uzito wa wakavu, chumvi iliyotumika na bei ya lori. Ukipata fedha kidogo, nunua gunia moja la samaki wakavu ulilolikagua mwenyewe, ulilete sokoni Eldoret uone wanunuzi watasema nini. Mvua za Machi zikikaribia, uwe umerudi shambani na daftari lako, ukae na baba yako mlisome pamoja.