Kutoka Gongoni hadi Miomboni: Mgeni Aje Mwezi Gani?

Wageni wengi wanaoshuka Tabora wana jambo moja kichwani: tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji, ambako Livingstone alikaa takriban miezi mitano mwaka 1872 akisubiri wapagazi ambao Stanley alikwenda kumtafutia pwani. Wanachukua chumba Gongoni au kata jirani, wanakodi bodaboda, wanapiga picha tembe, wanapita chini ya miembe iliyobaki tangu enzi za misafara, na kesho yake wako stesheni wakisubiri treni ya Kigoma au ya Mwanza. Safari ya namna hiyo si mbaya, ila inaacha nje kitu kinachouzunguka mji pande zote, yaani pori la miombo. Mgeni anayesoma mwongozo huu anashauriwa aongeze siku mbili au tatu kwa ajili ya msitu, na azichague kwa kufuata kazi za wanavijiji wanaoulinda, hata kama hazilingani na likizo yake. Msitu huu hauna uzio. Unasimama kwa sababu ya kazi za msimu, nyingi zikifanywa na watu wasio na mshahara, na asiyezijua kazi hizo ataelewa vibaya hata kile anachokiona kwa macho yake.

Msitu ulio karibu ni Hifadhi ya Msitu wa Urumwa, kusini mwa mji. Ni msitu wa serikali, lakini vijiji vinavyopakana nao, kama Isukamahela na Masimba, vimeshirikishwa katika kuutunza. Msingi wa jambo hilo ni Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, inayoruhusu kijiji kuwa na msitu wake chenyewe au kusimamia msitu wa serikali kwa ubia. Kwa mgeni tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Ukitaka kuingia msitu wa serikali, kibali unakipata kwa Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, mjini. Msitu wa kijiji unaanzia kwa mtendaji wa kijiji, ambako utasaini kitabu cha wageni na kukutanishwa na kamati ya maliasili. Usikate kona kwa kumfuata bodaboda anayejua njia ya panya. Walinzi wa kijiji wako doria, na mtu asiyefahamika akionekana ndani ya msitu hudhaniwa kwanza kuwa mpasua mbao au mchoma mkaa, maana hao ndio wanaoingia bila kuaga. Salamu nayo husaidia: asubuhi ukimwambia mzee “mwangaluka” kabla ya kutaja shida yako, mazungumzo yatakwenda kwa mwendo mwingine.

Mwezi gani basi? Jibu langu ni Mei hadi Julai, na nitalitetea kwa urefu kidogo, kwa sababu linapingana na hisia ya wengi. Mvua za Tabora ni za msimu mmoja: huanza Novemba na kukoma Aprili au mwanzoni mwa Mei. Zikikoma, nyasi bado zina ubichi chini huku juu zikianza kukauka, na hapo ndipo kamati hutoka kusafisha mipaka na kuchoma moto wa mapema. Mgeni akifika na kukuta moshi ndani ya hifadhi, wazo la kwanza ni kwamba msitu unaangamizwa mbele ya waliokabidhiwa. Asogee karibu atazame. Ukanda wa mita chache umefyekwa kwa panga na kukwanguliwa kwa jembe hadi udongo ukaonekana; watu wamejipanga wakiwa na matawi mabichi mkononi; moto huwashwa upepo ukitulia, hutambaa chini ya goti, huramba nyasi na kuacha magome ya miti mikubwa yakiwa na masizi tu. Baada ya saa chache umezimika wenyewe kwenye nyasi mbichi. Kilichoteketea ni kuni za moto wa Septemba, ule ambao hakuna tawi wala jembe la kuuzima.

Atakayesema kwamba msitu usioguswa na moto wowote ni bora zaidi ana hoja, na imewahi kupimwa. Mwaka 1933 maofisa wa misitu wa Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, walitenga viwanja vya miombo karibu na Ndola. Vingine vilichomwa kila mwaka mapema, vingine mwishoni mwa kiangazi, vingine vikakingwa kabisa. Miongo ilipopita, vilivyochomwa kwa kuchelewa vilikuwa vimepoteza miti na kugeuka nyika ya majani. Vilivyochomwa mapema vilibaki msitu. Vilivyokingwa vilifunga zaidi ya vyote. Kwa hiyo kweli, kukinga kabisa kunashinda. Lakini kiwanja cha utafiti hulindwa na watu wa kazi hiyo, ilhali Urumwa una mashamba, barabara, wafugaji, warina asali na wawindaji pembeni yake, na kamati yenye baiskeli na mapanga. Moto utakuja tu. Wanachoweza kuamua ni uje mwezi gani, na mwanakamati anayeamua Juni badala ya Septemba anafanya kile ambacho ushahidi wa Ndola ungemshauri, awe amesikia habari zake au la.

Miezi hiyo hiyo ndiyo ya kurina asali, sababu ya pili ya kuja wakati huo. Tabora inajulikana nchi nzima kwa asali, na chuo cha ufugaji nyuki cha serikali kiko hapa hapa mjini. Nyuki hufuata maua ya miombo, na mavuno makubwa huangukia baada ya mvua kukoma. Mfugaji nyuki mwenye mizinga ndani ya msitu ni mlinzi hata siku ambayo si zamu yake: anapita njia zisizopitwa na doria na anakijua kisiki kipya. Wapo wanaodai kwamba ni hao hao wanaouharibu, na madai hayo hayakutoka hewani. Mzinga wa gome hutengenezwa kwa kuchuna gome kuzunguka shina, na mti ukichunwa hivyo hufa. Kienge kikianguka usiku wakati wa kurina, nyasi zinawaka. Ndiyo maana mgeni anayenunua asali ana maswali mawili ya kuuliza kabla ya kuuliza bei: mzinga ulikuwa wa aina gani, na moshi ulitoka kwenye bomba au kwenye kienge? Muuzaji aliyerina mwenyewe atajibu bila kufikiri, pengine hata akakuonyesha bomba lake. Anayebabaika huenda ameinunua kwa mwingine, na hajui iliyomo kwenye chupa ilitoka wapi. Mnunuzi anayejali jibu, akilipa zaidi kidogo kwa asali ya mizinga ya mbao na bomba la moshi, anagusa tabia ya mrinaji kuliko bango lolote la barabarani.

Septemba na Oktoba ni miezi ya hatari na ya uzuri kwa pamoja. Joto liko kileleni, nyasi zimekauka kabisa, na miombo hufanya kituko chake cha kutoa majani mapya kabla ya tone la mvua, mekundu na ya rangi ya shaba, hivi kwamba msitu huonekana kama wa nchi nyingine. Mpiga picha atataka kuja wakati huu na sitamzuia. Ajue tu kwamba kwa kamati ndio msimu wa kutolala. Watu hukesha wakitazama upande wa moshi, na hawana muda wa kutembeza mgeni. Sigara iachwe mjini. Jiko la kupikia porini vivyo hivyo. Anayekwenda mbali zaidi kusini, kwenye mapori ya Sikonge, avae kaki au rangi hafifu, kwani ndorobo hupenda nguo nyeusi na ya buluu, na hawaumi kwa adabu.

Linabaki swali la masika, na hapa nazungumza na mgeni mwema kuliko wote, yule anayeuliza: nije kupanda miti? Nia yake nzuri, ila miombo haihitaji sana kupandwa. Mtundu ukikatwa huchipua kwenye kisiki, mninga huhifadhi uhai chini ya ardhi miaka mingi huku machipukizi yake yakiungua na kurudi, na shina moja lililopita kimo cha moto lina thamani kuliko miche mingi ya kwenye viriba. Ushahidi uko mkoa wa jirani. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliendeshwa kuanzia mwaka 1986 hadi 2004 katika nchi iliyokuwa ikiitwa jangwa la Tanzania. Njia yake kuu ilikuwa kufufua ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho wakati wa masika ili lije kutumika kiangazi. Mwanzoni ngitili zilizohesabiwa zilikuwa kama hekta 600. Mwishoni makadirio ya chini yalizidi hekta 300,000. Sehemu kubwa ya miti hiyo haikupandwa na mtu. Iliachwa, na kulikuwa na watu wa kuhakikisha inaachwa.

Kwa hiyo siku ya kupanda miti, yenye fulana na hotuba, huwafaa zaidi wapandaji. Pa kupanda kweli ni nje ya msitu, kwa wakulima wa tumbaku. Ukipita vijijini Februari au Machi utaona mabani yakitoa moshi usiku na mchana. Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa kuni, na kuni hizo zisipotoka kwenye shamba la miti la mkulima zitatoka miomboni. Mgeni wa masika anayetaka kuchafua mikono amwombe mtendaji amkutanishe na mkulima anayepanda miti ya kuni. Vinginevyo masika ni msimu wa uyoga na wa barabara mbaya. Kina mama wanaouza uyoga kando ya njia wanazijua aina zake. Wewe usiokote mwenyewe.

Pingamizi la mwisho ni la fedha. Baadhi ya wageni huona vibaya kulipa: hawa ni watu wa kujitolea, ukiwapa fedha unaharibu moyo wa kujitolea, halafu kesho watadai posho kwa kila hatua. Hoja hii inasahau ni wapi tunapozungumzia. Tabora ilijengwa na kazi ya miguu. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe hadi Bagamoyo walikuwa kwa sehemu kubwa watu huru wa ujira, waliojadiliana mshahara na posho ya chakula kabla ya kuinua mzigo, na wengi wakipanga safari zao ili warudi kulima mvua zikianza. Livingstone hakukaa Kwihara miezi mitano kwa kupenda. Bila watu wa kulipwa hakukuwa na safari. Mwanakamati wa leo naye ana shamba, na siku anayoitumia doria ni siku ambayo hakupalilia. Zaidi ya hayo, ubia na serikali umekuwa na kasoro inayojulikana: kwenye msitu wa kijiji mapato ni ya kijiji, lakini kwenye msitu wa serikali mara nyingi kazi imegawanywa mapema na mapato yakabaki mazungumzo. Mgeni hawezi kurekebisha sheria. Anaweza kulipa ada ya kutembezwa kwa kamati na kudai stakabadhi ya kijiji, ili fedha zionekane kwenye mkutano mkuu badala ya kuishia kwenye mfuko wa aliyempokea kwanza. Posho ya aliyemtembeza ajadiliwe asubuhi kabla ya kuondoka, mbele ya mtendaji, na chakula cha mchana kihesabiwe humo.